Bamba Lipi, Risasi Ipi?

Mwaka 1977 nchi za NATO zilianza kushindanisha risasi ndogo za bunduki ili zipate moja itakayotumiwa na majeshi yote. Uingereza ilileta ya milimita 4.85. Ujerumani Magharibi ilileta ya 4.7 isiyo na ganda kabisa. Marekani ilikuja na M193, ile iliyopigana nayo Vietnam, na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kikaja na SS109. Kichwa cha hiyo ya Wabelgiji kina gramu 4 tu. Mpinzani wake halisi, hata hivyo, alikuwa mkongwe ambaye tayari alikuwa akisogezwa pembeni: risasi ya 7.62, yenye kichwa cha zaidi ya gramu 9. Zilipopigwa kwenye kofia ya chuma ya askari wa Marekani, ya 7.62 iliitoboa hadi umbali wa mita 800. Ile ndogo iliitoboa hadi mita 1,300.

Lakini majaribio hayo yalikuwa na kipimo cha pili, bamba la chuma la kawaida lenye unene wa milimita 3.45, na hapo pengo lote hilo lilikaribia kutoweka: mita 640 kwa ndogo, mita 620 kwa kubwa. Risasi ni zile zile. Kilichobadilika ni chuma kilichowekwa mbele yake.

Wapenzi wa bunduki duniani kote hubishana kuhusu risasi ipi inatoboa chuma zaidi, na hubishana kana kwamba jibu limeandikwa kwenye risasi yenyewe. Halikuandikwa huko. Mpaka useme chuma kina ugumu gani, unene gani, kiko umbali gani na kimeinamishwa vipi, swali halina jibu. Tena katika karne moja na ushee ya mashindano haya, mara nyingi aliyechagua bamba ndiye aliyekuwa amekwisha kumchagua mshindi, wakati mwingine bila kujua.

Tuanze na hiyo kofia. Ni chuma chembamba cha manganizi, unene wake unakaribia milimita moja. Kwenye mita elfu moja risasi yoyote ya bunduki imepoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Ya 7.62 ndani yake ni madini ya risasi yaliyovikwa gamba la shaba, na madini hayo ni laini kiasi kwamba ukucha unaweza kuyakwaruza. Ikifika imechoka, ncha hubonyea, kichwa hupanuka, na nguvu iliyobaki husambazwa kwenye eneo kubwa la chuma. SS109 ina kipande kidogo cha chuma kigumu nyuma ya ncha. Hata ikifika taratibu, kile kipande hakibonyei. Kwa hiyo umbali unapozidi, ugumu wa kiini ndio unaoamua, na uzito hausaidii sana. Kwenye bamba la milimita 3.45 mambo ni mengine: unene unadai nishati, na hapo uzito wa ile kubwa unaanza kulipa.

Mwaka 1980 SS109 ilichaguliwa kuwa kigezo cha NATO. Na ni mwanzoni mwa muongo huo huo Marekani ilipoanza kuiacha kofia ya chuma na kuvalisha askari wake kofia ya Kevlar. Risasi ilikuwa imefaulu mtihani wa kofia iliyokuwa ikiondoka.

Wajerumani waliwahi kuingia katika mtego kama huo zamani zaidi, na wao uliwagharimu. Vifaru vya kwanza vya Waingereza vilitokea kwenye uwanja wa vita huko Flers-Courcelette, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916, vikiwa vimevikwa mabamba ya milimita 6 hadi 12. Wajerumani walikuwa tayari na risasi waliyoiita SmK, ya milimita 7.92, yenye kiini cha chuma kilichokazwa. Walikuwa wameiunda kwa ajili ya ngao za chuma zilizowekwa mbele ya matundu ya mahandaki, lakini ikaonekana inafaa kwa vifaru pia. Tarehe 11 Aprili 1917, huko Bullecourt, waliteka vifaru viwili na kuvipiga kwa majaribio. SmK ikapita. Wakaridhika: silaha dhidi ya kifaru wanayo, na kila askari mwenye bunduki anaweza kuibeba.

Shida ni kwamba vile vilikuwa vifaru vya Mark II, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mafunzo. Maelezo ya kawaida ya wanahistoria ni kwamba mabamba yake hayakuwa yamekazwa kwa moto kama ya vifaru vya vita. Mwezi Juni, huko Messines, kikaja kifaru cha Mark IV chenye mabamba mazito na magumu zaidi, na SmK ikawa ya kugongagonga tu. Jibu la Wajerumani lilikuja 1918: bunduki ya Mauser ya milimita 13.2, yenye urefu unaokaribia wa mtu mzima na uzito wa karibu kilo 16, inayorusha kichwa cha gramu 51.5 kwa mwendo wa mita 785 hivi kwa sekunde. Hiyo ilitoboa zaidi ya milimita 20 kwa mita 100. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu walipojaribu risasi nzuri kwenye bamba lisilo sahihi.

Upande wa pili wa mahandaki Waingereza walikuwa na tatizo la ngao hizo hizo, na dawa waliyoitafuta ina harufu ya Afrika. Hesketh-Prichard, mwindaji na mchezaji wa kriketi aliyekuja kuwa mwalimu wa wadunguaji wa Jeshi la Kwanza la Uingereza, alikusanya bunduki za kuwindia wanyama wakubwa na kuzipeleka mstari wa mbele. Ni bunduki zilizobuniwa kwa tembo na nyati, za aina ambayo matajiri wa Ulaya walikuja nayo Mombasa kuanza safari zao. Kubwa kuliko zote, .600 ya Nitro Express, ilirusha kichwa cha gramu 58 kwa mita 594 kwa sekunde.

Hapa inafaa kupiga hesabu, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Nishati ya risasi hiyo ya tembo ni jouli 10,300 hivi. Risasi ya kawaida ya Mauser ya wakati huo, gramu 10 kwa mita 880, ina jouli 3,900. Mtu atasema bila kusita kwamba ya tembo ni kali mara mbili na nusu. Sasa gawanya nishati hiyo kwa eneo la uso wa risasi. Ya tembo ina kipenyo cha karibu milimita 16, na inapata jouli 53 kwa kila milimita ya mraba. Mauser inapata 73. Kwa kipimo hiki yule mkubwa ndiye dhaifu! Mbona basi ilitumika dhidi ya ngao?

Kwa sababu bamba lina njia zaidi ya moja ya kushindwa. Chuma laini na kinene husukumwa pembeni: risasi inajichimbia njia, na kazi yote inakwenda kwenye kuhamisha chuma kilichokuwa mahali pa tundu. Hapo kipenyo kidogo ni faida, na nishati kwa eneo ndiyo kipimo cha haki. Chuma kigumu na kisicho kinene sana hushindwa kwa namna nyingine. Kinakatika kwenye mzingo, na kipande cha duara kinaruka nyuma ya bamba kama kizibo. Kinachopaswa kukatwa hapo ni ukingo tu, na ukingo hukua kwa kipenyo, wakati eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Risasi pana yenye nishati nyingi haipati tena hasara ile ile. Gawanya nishati kwa kipenyo badala ya eneo, na ya tembo inarudi mbele: 650 kwa 470. Kipimo gani ni sahihi? Bamba ndilo linalojibu.

Niongeze hapa kwamba hata porini wawindaji wenyewe hawakukubaliana. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 na kupewa jina la mahali hapo, aliua tembo wengi sana, zaidi ya elfu moja kwa jumla, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alitumia vichwa virefu, vigumu, visivyobonyea, akilenga ubongo. Waliobeba mizinga ya begani walimcheka. Mfupa si chuma, lakini ugomvi ni ule ule: upana dhidi ya urefu, na swali la nani anabaki na umbo lake baada ya kugonga.

Wahandisi wa majeshi ya majini walikuwa wamejaribu kuumaliza ugomvi huu kwa kanuni. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa Jacob de Marre alitazama matokeo ya mizinga mingi na kutoa fomula inayochukua njia ya kati: nishati inayohitajika hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha moja na nusu. Inashangaza inavyofanya kazi. Ukiiweka Mauser na ile .600 kwenye fomula ya de Marre, zinatoka karibu sare kabisa. Lakini de Marre aliazima dhana moja kutoka kwenye ulimwengu wa mizinga: kwamba kinachogonga ni kigumu na kinabaki kizima. Kombora la meli lilikuwa hivyo. Risasi ya askari, yenye madini laini ndani ya gamba la shaba, haiko hivyo hata kidogo.

Waliolielewa hilo vizuri kuliko wote walikuwa Wapolandi. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Hermann Gerlich alikuwa ameonyesha kwamba risasi ikiharakishwa kupita kiasi inaanza kufanya mambo yasiyotarajiwa kwenye chuma. Mhandisi Józef Maroszek akatengeneza bunduki ya wz. 35, yenye uzito wa karibu kilo 10, kipenyo cha milimita 7.92 kile kile cha bunduki ya kawaida ya nchi hiyo, na ganda refu lililoshindiliwa baruti. Mwendo wake ulikuwa mita 1,275 kwa sekunde. Ndani ya kichwa cha risasi hakukuwa na tangsteni wala chuma kilichokazwa. Kulikuwa na madini ya risasi tu. Na bado kwa mita 100 ilipita kwenye bamba la milimita 30 na zaidi. Haikutoboa kama sindano: ilibandua kizibo kipana kuliko yenyewe, na kizibo hicho ndicho kilichofanya uharibifu ndani ya kifaru. Siri ililindwa mno hivi kwamba masanduku yake yaliandikwa kuwa yana vyombo vya upimaji, na vikosi vingi viliruhusiwa kuyafungua vita vilipokuwa mlangoni, 1939.

Inawezekanaje kitu laini kikashinda kigumu? Kuna njia rahisi ya kuliona jambo hili. Ugumu wa Brinell, ule unaotajwa na kila muuzaji wa chuma, ni kilo kwa kila milimita ya mraba: chuma cha kawaida cha ujenzi kina 120 hadi 150, na bamba maalumu la shabaha au la kujikingia lina 500 hivi. Upande wa risasi, madini laini yanapogonga kwa kasi kubwa hutiririka kama maji, na shinikizo linalotokea mbele yake hutegemea uzito wa ujazo wake na mraba wa kasi. Ugumu wake wenyewe hauhesabiki tena. Risasi ya .600, kwa mita 594, inaleta kilo 200 hivi kwa milimita ya mraba. Ile ya Poland inaleta zaidi ya 900. Hakuna chuma cha kifaru cha 1939 chenye ugumu wa kiasi hicho.

Hesabu hii ni ya karibu, haina heshima ya maabara, lakini inafumbua fumbo ambalo limewaliza wengi madukani Marekani. Taasisi ya Kitaifa ya Haki ya nchi hiyo, NIJ, katika kanuni zake za 2008 ilikuwa na daraja la tatu la mabamba ya kuvaa kifuani. Jaribio la daraja hilo lilitumia risasi moja tu: M80 ya 7.62, gramu 9.6 kwa mita 847 kwa sekunde. Mabamba ya chuma yenye ugumu wa 500 yaliifaulu. Mnunuzi akapiga hesabu ya kawaida: kama linazuia risasi ya jouli 3,400, ile M193 ndogo ya jouli 1,750 itafanya nini? Kwa fomula ya de Marre pia angekuwa salama, maana M80 ingepaswa kutoboa bamba nene zaidi kwa asilimia 15 hivi. Lakini M193 hutoka mtutuni kwa mita 990 kwa sekunde, na kwa karibu imeshapita kwenye baadhi ya mabamba hayo. Weka kasi zote mbili kwenye kipimo cha shinikizo: M80 inaleta kilo 415, chini ya 500. M193 inaleta 567. Mpaka umepita katikati yao.

Mpaka huo pia unaeleza kwa nini faida ya M193 ni ya muda mfupi. Kichwa chepesi hupoteza mwendo upesi. Baada ya umbali fulani kinarudi chini ya mpaka, na kutoka hapo kinaacha alama ya rangi ya kijivu tu kwenye bamba. Viwanda vingi vya shabaha za chuma huwaonya wateja wasipige kwa risasi inayofika na mwendo wa zaidi ya mita 900 hivi kwa sekunde, na wasisogee karibu zaidi ya mita 90. Onyo hilo halitaji jouli, wala halina haja ya kuzitaja.

Ungetegemea kwamba SS109, ambayo Wamarekani huiita M855, yenye kipande chake cha chuma, ingekuwa hatari zaidi kwa bamba hilo kuliko M193. Mara nyingi sivyo. Ni nzito kidogo na ya polepole kidogo, na kipande chake hakina ugumu wa kutosha kushindana na chuma cha 500. Peleka risasi hizo mbili kwenye bamba la poliethilini na mambo yanageuka: nyuzi za plastiki hunasa risasi laini inayopanuka, lakini ncha ngumu inaweza kupenya kati yake. Kwa hiyo kanuni mpya za NIJ, zilizotolewa 2023, hazikubali tena risasi moja iwakilishe nyingine. Daraja la kwanza la bunduki linadai M80, risasi ya 7.62×39 ya Kalashnikov, na M193. La pili linaongeza M855. La tatu linaitaka M2 ya kutobolea deraya, ya tangu Vita Kuu ya Pili, kwa mita 878 kwa sekunde. Kwangu mimi huko ni kukiri rasmi kwamba hakuna ngazi moja ya ukali ambayo risasi zote zinaweza kupangwa juu yake.

Viini vigumu navyo vina udhaifu wake, na ni kinyume cha udhaifu wa viini laini. Kitu kigumu ni kikavu, huvunjika. Mwaka 1941 Wasovieti walileta bunduki za milimita 14.5 zenye risasi ya kiini cha kabidi ya tangsteni, zilizotoboa milimita 35 hadi 40 kwa mita 100, na ubavu wa chini wa Panther, kifaru kipya cha Wajerumani kilichokuja baadaye, ulikuwa na 40. Mwaka 1943 Wajerumani hawakuongeza unene wa ubavu. Walining'iniza pembeni sahani za chuma za milimita 5, zikiwa zimeachana na mwili wa kifaru. Milimita 5 haziwezi kuisimamisha risasi kama hiyo. Lakini zinatosha kuiyumbisha au kuupasua moyo wake, na ikifika kwenye bamba la ndani imelala ubavu au imekuwa vipande. Jumla ya unene haielezi kinga hiyo. Nafasi tupu katikati ndiyo iliyofanya kazi.

Halafu kuna jambo ambalo mashindano ya kutoboa hayalipimi. Bamba likishinda, risasi haipotei. Inasambaa kwa kasi sambamba na uso wa chuma, vipande vya shaba na madini ya risasi vikiruka kila upande. Wanajeshi wa vifaru vya 1917 walivaa barakoa za ngozi zenye minyororo ya chuma mdomoni kwa sababu cheche hizo ziliingia kwenye nyufa za kuchungulia na kuwapofusha, ingawa bamba lilikuwa halijatobolewa. Anayevaa bamba la chuma kifuani leo ana shingo na kidevu juu ya ukingo wake. Jedwali litamwandikia kwamba amefaulu.

Hata hilo neno kufaulu linategemea idadi. Bamba moja likipigwa na risasi za mwendo ule ule, baadhi hupita na baadhi hubaki, ndiyo maana maabara hutafuta mwendo ambao nusu ya risasi hupita na nusu huzuiwa. Mpiga risasi anayeonyesha bamba lake lenye tundu moja, kapiga mara moja kwa pembe moja, anatuonyesha nukta moja tu kwenye mstari huo. Akiliinamisha bamba kidogo tu, mstari wote unahama, kwa kuwa risasi inakutana na chuma kirefu zaidi na huanza kuteleza.

Mwaka 2022 Jeshi la Marekani lilichagua risasi mpya ya milimita 6.8 kwa bunduki zake mpya, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa ni deraya za kifuani za maadui watarajiwa. Ili kupata mwendo unaotakiwa kutoka kwenye mtutu mfupi, shinikizo ndani ya chemba limepandishwa hadi karibu megapaskali 550, kiasi ambacho kitako cha shaba hakiwezi kukihimili. Ganda la risasi hiyo likaundwa kwa vipande vilivyounganishwa: ubavu wa shaba, na kitako cha chuma cha pua.